Nanoteknolojia: Udogo Wenye Nguvu na Lugha ya Kuueleza

Hakuna mwalimu nchini Kenya asiyejua kwamba mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi na Utendaji waliingia Gredi ya 10, yaani ngazi ya sekondari ya juu. Serikali imeeleza nia yake kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wa ngazi hiyo wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, lipo swali ambalo mimi, nikiwa mwanaisimu, siwezi kulinyamazia: je, sayansi hiyo vijana wetu wataielewa, au wataikariri tu? Ningependa kulijadili swali hili kwa kutumia taaluma moja ambayo jina lake hutajwa sana na maana yake hueleweka kidogo, nayo ni nanoteknolojia.

Mara kwa mara huwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, ambao wengi wao watakuwa walimu, wanieleze kwa Kiswahili nanoteknolojia ni nini. Jibu nilipatalo aghalabu ni kwamba hiyo ni "teknolojia ya kisasa ya vitu vidogo". Jibu hilo si la uongo, ila halina kitu ndani. Saa ya mkononi nayo imejaa vitu vidogo, wala hapana mtu aiitaye nanoteknolojia.

Tuanze basi na neno lenyewe. "Nano" limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kibete. Katika vipimo vya sayansi, kiambishi hicho huonyesha sehemu moja ya bilioni. Ukiigawa mita moja katika sehemu bilioni moja zilizo sawa, kila sehemu ni nanomita. Ili kuupata udogo huu akilini, chukua punje ya mahindi yenye upana wa sentimita 1. Kama nanomita ingevimba ikatoshana na punje hiyo, basi mita nayo ingerefuka hadi kilomita 10,000, takriban mwendo wa kutoka Nanyuki, mji unaopitiwa na mstari wa ikweta, hadi Ncha ya Kaskazini ya dunia. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000 hadi 100,000. Nanoteknolojia hushughulika na vitu vya kati ya nanomita 1 na 100.

Lakini udogo peke yake si hoja. Hoja ni kwamba kitu kikifikia udogo huo, tabia yake hubadilika. Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Maneno jiji, mji na kijiji yana shina moja. Yametofautishwa kwa viambishi vya ukubwa na udogo. Hata hivyo, hakuna asemaye kwamba kijiji ni mji uliopunguzwa nyumba. Maisha ya kijiji, desturi zake na jinsi watu wake wanavyojuana ni mambo mengine kabisa. Ndivyo ilivyo kwa maada. Inapopunguzwa mno, hupata desturi nyingine.

Tutazame dhahabu. Sote twaijua rangi yake ya manjano. Lakini chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 20 hivi, zikielea majini, huyafanya maji yawe mekundu. Michael Faraday alilichunguza jambo hili jijini London na kulitolea maelezo mwaka 1857. Sababu yake ni kwamba elektroni za chembe hizo hutikiswa kwa pamoja na mwanga. Hufyonza sehemu ya kijani, na sehemu inayofika machoni mwetu ikawa nyekundu.

Msomaji huenda akauliza, jambo hili lanihusu nini? Lamhusu sana. Vingi vya vipimo vya haraka vya malaria vinavyotumiwa katika zahanati zetu hufanya kazi kwa chembe hizo hizo za dhahabu. Chembe hupakwa kingamwili zinazoweza kuinasa protini ya kimelea cha malaria. Tone la damu likiwa na protini hiyo, hushikamana na chembe za dhahabu na kusafiri nazo kwenye ukanda wa kipimo, hadi zinaponaswa na kingamwili nyingine zilizotandazwa katika mstari mmoja. Zikirundikana hapo, mstari mwekundu hujitokeza. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana malaria amesomewa habari hiyo na dhahabu, naye hajui. Muuguzi aliyemsomea pengine hajui vile vile, kwa kuwa hakuna aliyemweleza.

Sababu ya pili ya mabadiliko ya tabia ni eneo la uso. Kila mpishi anafahamu kwamba gogo zima haliwaki upesi, lakini ukilipasua vibanzi hushika moto mara moja. Mwalimu wa Hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hili. Pana mchemraba wa sukari wenye pande za sentimita 1. Jumla ya eneo la nyuso zake sita ni sentimita mraba 6. Tuukate, kwa fikira, hadi kila kipande kiwe na pande za nanomita 1. Sukari haikuongezeka hata chembe, ilhali jumla ya eneo la nyuso zake sasa ni mita mraba 6,000, takriban eka moja na nusu. Kwa kuwa mabadiliko mengi ya kikemia hutokea kwenye uso wa kitu, kiasi kidogo cha maada iliyogawanywa hivyo hufanya kazi kubwa. Ndiyo maana metali ghali zinazosafisha moshi wa magari, kama vile platini, hutandazwa zikiwa chembe ndogo mno. Wahenga walisema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Historia ya taaluma hii si ndefu. Tarehe 29 Desemba 1959, mwanafizikia Richard Feynman alitoa mhadhara huko California, Marekani, akadai kwamba hakuna sheria ya fizikia inayomzuia binadamu kupanga atomi mojamoja. Neno "nanoteknolojia" lenyewe lilitumiwa kwanza na Mjapani Norio Taniguchi mwaka 1974. Mnamo 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, wakiwa Zurich, waliunda hadubini ambayo haitumii mwanga bali ncha ya sindano na mkondo hafifu wa umeme, nayo iliwawezesha watafiti kuzionyesha atomi. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni ya IBM walitumia hadubini ya namna hiyo kuzisogeza atomi 35 za zenoni na kuandika jina la kampuni yao.

Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha mwaka 2004. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa gundi wa kawaida kubandua tabaka za grafiti, maada ile ile iliyomo katika penseli, hadi wakapata utando wenye unene wa atomi moja tu. Utando huo huitwa grafini. Nao wakapata Tuzo ya Nobel, mwaka 2010. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya walimu wa shule zisizo na maabara nzuri. Vifaa ghali vilihitajika baadaye ili kuthibitisha walichokipata, lakini wazo lilianzia kwenye utepe na penseli.

Matumizi ya taaluma hii viwandani leo ni mengi mno kuorodheshwa. Simu aliyo nayo mwanafunzi mfukoni ina transista za udogo huo kwa mabilioni. Baadhi ya televisheni hutoa rangi kwa vinundu vya maada ambavyo vikiwa vidogo hutoa samawati na vikiwa vikubwa kidogo hutoa nyekundu. Waliovigundua na kuviendeleza walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya Covid-19, ambazo Kenya ilizipokea mwaka 2021, zilifungwa ndani ya vijitone vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100, ili ujumbe uliomo usiharibike kabla ya kuingia katika seli. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pana kampuni inayojihusisha na utengenezaji wa saketi ndogo za elektroniki. Taaluma hii imekwisha kubisha hodi, na imefunguliwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka kwa jirani zetu. Ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha, una maji ambayo mahali pengi yamezidiwa na floridi itokayo katika miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Kikizidi hapo, meno ya watoto huwa ya kahawia, na kikizidi mno mifupa hulemaa. Daktari Askwar Hilonga, Mtanzania wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na maada za nano, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu ulioko katika maji ya mahali fulani. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Hakuhitaji kungoja tatizo litambuliwe ng'ambo. Tatizo lilikuwa katika maji ya kwao.

Si haki kusifu bila kuonya. Sifa ile ile inayozifanya chembe hizi ziwe na manufaa, yaani kupenya na kutenda haraka, inaweza kuzifanya ziwe hatari. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni ya kiwango cha nano inaweza kudhuru utando wa ndani ya mwili kama asbesto inavyodhuru. Nasi twaijua asbesto. Tuliiezekea mapaa ya nyumba na shule kabla hatujaambiwa madhara yake. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku oksidi ya titani kama kiungo cha kutia rangi vyakula, mojawapo ya sababu zikiwa chembe ndogo mno zilizomo. Aidha, chembe za fedha zinazotiwa katika nguo ili kuua bakteria hutoka zinapofuliwa na kufuata maji machafu. Je, mnunuzi wa Gikomba au Kongowea atauliza nini dukani kuhusu mambo haya, ikiwa hana hata neno la kuulizia?

Hapo ndipo ninaporudi katika taaluma yangu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sayansi katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Simwombi mtu yeyote akitupe Kiingereza. Mwanafunzi atakihitaji ili asome matokeo ya utafiti wa dunia nzima. Lakini Taniguchi alifundisha na kufikiri kwa Kijapani, na bado neno lake likaenea ulimwenguni. Kukijua Kiingereza ni jambo moja. Kulazimika kufahamu jambo geni kwa lugha ambayo nayo ni ngeni ni mzigo wa pili juu ya kichwa kile kile.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Itakumbukwa kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hiyo ilionyesha kwamba inawezekana, ingawa sayansi imesonga mbele mno tangu hapo. Kuhusu neno "nanoteknolojia", sioni ubaya wa kulikopa, maadamu tumekwisha kukopa kilo, mita na lita. Kwa zile chembe zenyewe, wengine watapendekeza "vijichembe". Neno hilo ni zuri kwa mazungumzo, ila kiambishi -ji- chasema udogo tu; hakisemi udogo kiasi gani. Mimi ningependekeza "chembenano", kwa kuwa linabeba kipimo ndani yake. Lakini istilahi isiyo na maelezo ni gunia tupu. Mwanafunzi anayesema "chembenano" bila kujua kwa nini dhahabu huwa nyekundu hajapiga hatua yoyote kumshinda yule anayekariri neno la Kiingereza.

Kwa hiyo, nina mambo matatu ya kupendekeza. Kwanza, wakuza mitaala watoe faharasa fupi ya Kiswahili pamoja na kila kitabu cha sayansi cha Gredi ya 10 hadi ya 12. Pili, walimu wa Kiswahili waache kudhani kwamba Insha ni ya methali na misiba peke yake. Mwanafunzi atakiwe kueleza, kwa Kiswahili sanifu, jinsi chujio la maji linavyofanya kazi. Tatu, mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa Kiswahili, ambao huketi katika chumba kimoja cha walimu na kunywa chai pamoja, wasahihishe insha hiyo kwa pamoja, mmoja akitazama ukweli na mwingine akitazama lugha.

Jambo hili la tatu halihitaji bajeti wala idhini ya mtu yeyote. Laweza kuanza muhula huu. Na mtoto wa Nakuru anayeyanywa maji yale kila siku ndiye wa kwanza anayepaswa kuiandika insha hiyo.