Daimoni wa Socrates si shetani

Wiki iliyopita, katika zoezi la tafsiri, kundi letu lilipewa kifungu cha Utetezi wa Socrates, pale anapowaambia waamuzi wa Athens kwamba tangu utoto huisikia sauti inayomzuia akitaka kukosea, wala haimsukumi kamwe kutenda jambo. Neno la Kigiriki ni daimonion. Mwenzetu mmoja aliandika bila kusita: shetani. Kundi likakubali. Mimi sikukubali, na kwa kuwa saa iliisha kabla sijajieleza, najieleza hapa.

Kwa Wagiriki wa kale daimoni hakuwa mwovu kwa asili. Hesiod anasema watu wa kizazi cha dhahabu walipokufa waligeuka madaimoni, walinzi wa wanadamu. Plato, katika Karamu, anamweka daimoni kati ya miungu na watu: ndiye mkalimani, apelekaye maombi juu na kuleta maagizo chini. Mkalimani! Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuwa wa mwisho kumtukana.

Najua nitajibiwa kwa Biblia. Haya, tuifungue. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, 1 Wakorintho 10:20, daimonia ni mashetani. Lakini katika Matendo 17:18 Paulo yuko Athens, na baadhi ya wasikilizaji wanamdhania mtangazaji wa daimonia za kigeni. Hapo wafasiri waliandika miungu. Walifanya vema, kwa maana anayesema pale ni Mwathene, na Mwathene hakuwa na mashetani kichwani. Tena ni karibu shtaka lile lile lililomuua Socrates mwaka 399 kabla ya Kristo. Basi hata wafasiri wa Biblia walimtazama kwanza msemaji, kisha wakachagua neno.

Wala si habari ya Wagiriki peke yao. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi kati ya Waluba, alieleza katika kitabu kilichotolewa hapa mjini mwaka 1945, mji ukiitwa bado Elisabethville, kwamba baada ya Mungu wanakuja mababa wa kwanza, waanzilishi wa koo, ambao Waluba huwaita bavidye. Aliyemsoma Hesiod atahisi amekutana na jirani.

Kambo yangu mzaa mama, wa komini ya Katuba, alibeba jina la mmoja wa wazee wa ukoo wa zamani. Alituambia kwamba mzee yule humwamsha usiku jambo baya likikaribia nyumba. Alipougua, walikuja waombaji, wakamtaka alikane jina lile kwa kuwa ni la pepo mchafu. Alilikana, na miaka yake zaidi ya 80, huku akilia. Tangu siku ile mpaka alipokufa hatukujua tumwite nani. Waombaji walikuwa watu wema, walileta hata unga. Walikuwa na neno moja tu kwa kila kisichoonekana.

Sisemi bavidye na daimoni wa Socrates ni kitu kimoja. Wale ni wa ukoo. Huyu ni wa mtu mmoja, na hajui kusema ila "usifanye". Ndiyo maana neno moja halitatosha. Kwa Hesiod ningeandika mizimu. Kwa Socrates ningeacha daimoni, na mahali pengine "ile sauti". Kuna waliopendekeza pepo, na zamani lingefaa: huko pwani pepo hupigiwa ngoma na kupewa kiti, na peponi ni mahali pema. Lakini hapa Lubumbashi pepo amebaki wa kufukuzwa tu, usiku kucha, kwa vipaza sauti.

Zoezi linarudishwa Jumatatu. Katika nakala ya kundi nimefuta shetani mara tatu, na jina langu nimeliandika pembeni ili mwalimu ajue wa kumuuliza.