Feni ya umeme si dawa ya kila pikapu

Wasee wa pikapu za kitambo, tuongee. Siku hizi gari ikichemsha tu, fundi anakuambia utoe feni ya injini uweke ya umeme. Kwa jam ya Nairobi, naikubali. Gari ikisimama, feni ya mkanda inazunguka polepole na injini, ya umeme inapuliza kwa nguvu zake zote. Lakini kama rejeta imeziba ama themostati imekwama, feni mpya haitibu kitu. Angalia hizo kwanza.

Kinachonikera zaidi ni waya. Niliacha chuo, lakini hesabu hii haitaki digrii: feni ya wati 240 kwa umeme wa volti 12 inavuta ampea 20. Halafu mtu anaipitisha kwa kaswichi ka dashibodi, bila rilei, bila fyuzi! Huo ni moto unangoja siku yake. Na swichi ya mkono utaisahau tu. Weka ile inajiwasha maji yakipata joto.

Fundi akikuambia rilei ni kuharibu pesa, mshukuru, tafuta mwingine. Rilei na fyuzi ni pesa ya chapo madondo siku chache. Gasketi ya hedi ikiungua, utauza ng'ombe.