Chapa ya simu si ukoo



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulibaki barazani kupitia hesabu za umeme na maji ya msikiti. Pembeni yetu walikaa vijana wawili wa mtaa, marafiki tangu siku za madrasa, wakibishana. Tulidhani ni habari za Simba na Yanga, maana sauti zilikuwa zimekwisha kupanda. Kumbe mmoja anaitetea simu ya Tecno na mwenzake anaitetea Infinix. Kila mmoja alitaja kamera ya simu yake, betri yake na kasi yake, kisha akaidharau ya mwenziwe. Ilifika mahali mmoja akavaa viatu ili aondoke bila kuaga.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye hadi leo anatumia simu ya kitochi, akawauliza kwa upole: "Wanangu, wenye kampuni hizo wanawalipa shilingi ngapi kwa kazi hii?" Wakacheka, na ugomvi ukapoa. Nasi tukawaongezea jambo lililowanyamazisha kabisa: Tecno, Infinix na itel ni chapa za kampuni moja, Transsion, yenye makao yake mjini Shenzhen, China. Walikuwa wakigombana mithili ya watoto wawili wanaobishana juu ya mfuko upi wa kanzu ya baba yao una fedha nyingi zaidi.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka vijana, kwa kuwa nasi tuliwahi kuwa na chapa yetu. Nyumbani kwetu ilikuwa Nokia, na hasa ile 1100 iliyotoka mwaka 2003, ambayo iliuzwa duniani kote zaidi ya milioni 250. Ilikuwa na tochi kichwani. Umeme ulipokatika, tulidurusu masomo yetu kwa mwanga wake, na betri yake ilikaa siku kadhaa. Wakati Nokia ilipokamilisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, mwezi Aprili 2014, tulijihisi kama tuliofiwa. Hata hivyo, hakuna aliyetuuliza rai yetu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba mapenzi yetu kwa chapa ile yaliingizwa katika hesabu ya mauzo pamoja na viwanda na mashine.

Si vibaya mtu kuwa na chapa anayoiamini. Imani ya namna hiyo mara nyingi imechumwa kwa kazi njema. Hao Transsion walipoingia katika soko letu la Afrika walitazama maisha yetu. Waliona kwamba mtu mmoja ana laini mbili au tatu, kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, wakaleta simu za laini mbili kwa bei ya mtu wa kawaida. Waliona pia kwamba kamera nyingi hazikuwa zikizionyesha vyema sura za watu weusi, wakazirekebisha za kwao. Aliyehudumiwa vizuri ana haki ya kurudi dukani pale pale. Huo ni ujira wa haki kwa kazi iliyofanyika, na kazi ikiharibika, ujira nao unakoma.

Tatizo huanza pale mnunuzi anapoibeba chapa kama anavyobeba jina la babu yake. Wapo miongoni mwetu wanaoapa kwa iPhone na wanaoapa kwa Samsung, na kila upande humwona mwenziwe amepotea. Tuwakumbushe kilichotokea Italia mwezi Oktoba 2018. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa sababu ya masasisho ya programu yaliyozidhoofisha simu za zamani za wateja wao. Kabla ya hapo, Desemba 2017, Apple yenyewe ilikuwa imekiri kwamba ilipunguza kasi ya baadhi ya simu ambazo betri zake zimechoka, ikieleza kuwa nia yake ni kuzuia simu zisizimike ghafla. Wateja wengi walioongezewa uzito huo hawakujua. Walidhani simu imezeeka tu, wakaenda kununua nyingine, na pengine ya chapa ile ile.

Sasa turuhusuni, ndugu wasomaji, tusimulie jambo la ndani ya ukoo wetu, kwa idhini ya mwenye nalo.

Dada yetu mkubwa alikuwa na simu kongwe ya chapa ambayo hatutaitaja. Kioo kilikuwa na nyufa, na haikuwaka isipokuwa ikiwa kwenye chaja. Tuliipeleka Kariakoo kwa fundi, akatuambia betri za toleo lile haziletwi tena. Kila kikao cha familia tulimtania. Tulimwita mshabiki, tukamwambia kampuni ile imemroga. Yeye hutabasamu tu. Idi iliyopita tukachangishana ndugu watatu tukamnunulia simu mpya ya chapa nyingine. Alishukuru, akatuombea dua. Miezi miwili baadaye tukaikuta simu ile kabatini, ndani ya boksi lake, haijawahi kuwashwa.

Tulikasirika, na hatutaficha kwamba tulisema maneno ambayo hayakupaswa kutoka kinywani mwa mdogo mbele ya mkubwa wake. Ndipo dada akaketi kitandani, akaiweka simu yake kongwe kwenye chaja, akasubiri iwake, akatufungulia jumbe za sauti za mama yetu marehemu. Zilikuwa 62. Katika moja mama anauliza kama watoto wamekula. Katika nyingine anaeleza kiasi cha tui la pili katika mchuzi wa samaki. Katika moja ndefu anataja majina ya wazee wa upande wa bibi, mmoja baada ya mmoja, majina ambayo hakuna mwingine aliyebaki katika ukoo anayeyajua yote. "Mdogo wangu," dada akasema, "nilipouliza dukani niliambiwa nikihamia simu ya chapa nyingine, hizi hazihami. Sasa ningehamaje?"

Tukainamisha vichwa. Tulimdhania mshabiki, kumbe ni mfungwa. Na alikuwa akitunza amana ya ukoo mzima peke yake, huku sisi tukimcheka.

Hapa pana jambo ambalo kila familia inapaswa kulifahamu. Kampuni za teknolojia zina njia mbili za kumbakiza mteja. Njia ya kwanza ni kumridhisha. Njia ya pili ni kuifanya safari ya kuondoka iwe chungu: picha zimehifadhiwa kwao, mazungumzo yapo katika mfumo wao, chaja haiingii kwenye simu nyingine, na programu ulizozilipia hazihamishiki. Mwenye kubaki kwa sababu ya pili anahesabiwa na kampuni kuwa mteja mwaminifu sawasawa na mwenye kubaki kwa sababu ya kwanza. Katika vitabu vyao vya hesabu, ridhaa na kifungo havitofautiani.

Baadhi ya serikali zimeanza kuingilia. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko zitumie tundu la chaji la aina moja, USB-C, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple ilikuwa imekwisha kulihamia katika iPhone 15 mwezi Septemba 2023. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 umoja huo unawataka watengenezaji waendelee kutoa masasisho ya mfumo wa simu kwa angalau miaka 5 tangu toleo husika lilipoacha kuuzwa, na vipuri kwa miaka 7. Sheria hizo ni za Ulaya, lakini kiwanda hakipendi kutengeneza tundu mbili tofauti, kwa hiyo baadhi ya kheri yake hutufikia nasi.

Tukirejea kwa dada, kijana wake wa kidato cha tatu alichukua jioni mbili. Aliiacha simu kwenye chaja na kuzituma zile jumbe, moja moja, hadi kwenye kompyuta ya jirani, kisha akazinakili katika flashi mbili. Moja ipo kwa dada na nyingine ipo kwetu. Zilizotoka salama ni 57. Tano hazikutoka. Hizo tano dada hakuwa amezipakua zilipoingia. Bando lilikuwa limekwisha wiki ile, akajisemea atazisikiliza baadaye, na baadaye mama akaugua. Hazikuwahi kuingia ndani ya simu yenyewe, na huko zilikokuwa zimewekwa zimekwisha kufutwa. Kwa hizo tano hatuna wa kumlaumu, si kampuni wala duka. Dada alilia kidogo, kisha akaomba tuweke ile ya mchuzi wa samaki, tukaisikiliza sote.

Tukio hilo lilitufanya tuitazame upya nyumba yetu wenyewe, na tukakuta nasi si salama. Tulikuwa tumejiunga na huduma moja ya filamu mtandaoni kwa ajili ya katuni ambayo watoto waliipenda. Katuni ile iliondolewa bila taarifa. Watoto wakahamia mchezo wa vifuniko uani, nasi tukasahau. Tulipopitia taarifa ya benki tulikuta tumekatwa fedha kwa miezi tisa ambayo hakuna aliyeifungua huduma ile. Kuifuta kulihitaji kupita kurasa tano, na kila ukurasa ukituuliza kama kweli tuna hakika. Kujiunga kulichukua dakika moja. Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme kwamba masharti yalikuwepo tangu siku ya kwanza, nasi tulibonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Katika chuo tulichosoma tulifundishwa kwamba mauziano hujengwa juu ya ridhaa, na ridhaa haiwi kamili ikiwa mtu hakijui anachokiridhia. Tulilifaulu somo hilo katika mtihani, kisha tukalisahau mbele ya runinga.

Wenye huduma nao hubadili kauli. Mwezi Machi 2017, Netflix iliandika hadharani kwamba mapenzi ni kupeana neno la siri. Mwezi Mei 2023 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuwazuia Wamarekani na watu wa nchi nyingine nyingi kutumia akaunti moja nje ya nyumba moja. Nchini Kenya ilileta mpango wa bure kwa simu za Android mwaka 2021, ikauondoa mwaka 2023. Hatusemi kwamba imedhulumu, maana mali ni yao na masharti ni yao. Tunachosema ni kwamba neno "nyumba" kwao lina maana ya paa moja na laini moja ya intaneti. Kwetu sisi nyumba moja inaweza kuwa na mtoto Mombasa, mwingine Muscat, na bibi aliye Tanga. Tukijiunga na kitu, tujue tunaingia katika nyumba ya tafsiri ya nani.

Hata neno "kununua" limekuwa na maana mpya. Mwezi Julai 2009 wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya kifaa cha Kindle waliamka wakakuta vimefutwa. Amazon iligundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo, ikavitoa ndani ya vifaa vya watu na kuwarudishia fedha zao. Baadaye mkuu wake, Jeff Bezos, aliomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vikaondoka nalo, ingawa fedha zilirudishwa. Tangu mwanzo wa 2025, sheria ya jimbo la California inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia, wala si umiliki. Kwa hiyo tunalipa kodi ya pango kwa vitu vingi tunavyodhani tumevijenga.

Familia ifanye nini? Tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji utaalamu. Mwisho wa kila mwezi, baba na mama wakae pamoja waorodheshe kila kinachokatwa: king'amuzi, bando, filamu, hifadhi ya picha. Kisichotumika kifutwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kununua simu, tuulize maswali matatu: itapata masasisho kwa miaka mingapi, betri yake inapatikana, na nikitaka kuhama nitaondoka na vitu vyangu? Na jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: sauti na picha za wazee wetu zisikae mahali pamoja. Zinakiliwe mara mbili, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Walio na wazazi hai wazisikilize jumbe zao leo, hata kama ni lazima kuazima bando kwa jirani.

Wale vijana wawili tuliwaona tena juzi. Wameketi pale pale barazani, mmoja amemwazima mwenziwe chaja. Tundu ni moja.