Mtoto Asiyetulia na Hukumu ya Kijiji

Kijijini mtoto asiyeweza kutulia hana pa kujificha. Akipindua ndoo kisimani asubuhi, kabla ya adhuhuri habari imekwisha fika kwa bibi, kwa mwalimu na kwenye Jumuiya. Hukumu nayo hutoka upesi: hakufunzwa na mamaye. (Baba, kama kawaida, hatajwi.)

Twaipinga hukumu hiyo. Mwaka 1902, jijini London, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto walioshindwa kujitawala ingawa akili zao hazikuwa na upungufu. Leo yafahamika kwamba hii ni hali ya ukuaji wa ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Malezi mabaya siyo chanzo chake.

Wengine hukimbilia fimbo. Hata kanuni za shule za Tanzania za mwaka 2002 hazikuruhusu viboko zaidi ya vinne, tena kwa makosa mazito. Kuinuka dawatini ni kosa zito? Mtoto huyu hupigwa Jumatatu, na Jumanne huinuka tena, kwa kuwa ubongo haunyoshwi kwa mti.

Anachohitaji ni agizo moja kwa wakati mmoja, kazi fupi, na sifa papo hapo aimalizapo. Kijiji chaweza kumpa hayo yote: kuna mbuzi wa kuswaga, kuni za kuokota, jirani wa kumpelekea ujumbe.

Basi Jumuiya inayomwambia mama abaki nyumbani “mpaka mtoto apoe” ituambie: siku ya soko, nani kati yenu atakaa naye ili mama huyo apumzike?