DAFTARI LA TAWI SI LA KUPIGWA PICHA
*Maoni ya Katibu Mwenezi kwa wanachama wote*



Wiki iliyopita wengi wenu mlipokea ujumbe ulioonekana umetoka kwa Mweka Hazina wetu. Ulisema mchango wa msiba utumwe kwenye namba nyingine kwa kuwa laini yake imefikia kiwango, na kwamba jina litakalotokea ni la shemeji yake. Wanachama wanne walituma. Mmoja wao ni mama anayeuza maandazi sokoni. Alituma elfu thelathini, na ndiyo ilikuwa hela yake ya unga na mafuta ya kesho yake. Mweka Hazina hakuandika ujumbe ule wala hana shemeji mwenye jina lile.

Wizi wenyewe umeniuma, lakini yaliyofuata kwenye kundi letu yameniuma zaidi. Zilimwagwa stika za kucheka. Mwenzetu mmoja akaandika, "Tamaa mbaya." Tamaa gani, ndugu zangu? Mtu anachangia maziko ya mwenzake, anaambiwa ana tamaa? Tapeli wa siku hizi hamtafuti mjinga, anamtafuta mtu ambaye tayari alikuwa anakwenda kutuma hela na ana haraka. Ndiyo maana ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeishi miaka yote hii. Na kwa kumcheka mama yule tumewafundisha wengine watakaoibiwa wanyamaze. Watatu kati ya wale wanne hawakusema kwenye kundi, walinifuata pembeni, usiku.

Sasa swali: tapeli alijuaje jina la Mweka Hazina, kwamba tuna msiba, na namba zetu karibu zote?

Mwezi uliopita, wakati wa uhakiki wa wanachama, daftari la tawi lilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye kundi ili kila mtu aangalie jina lake. Picha kumi na moja, zenye majina kamili, namba za simu, namba za kitambulisho cha Taifa, namba za kadi za mpiga kura na vyeo. Picha zile nilizituma mimi. Siwezi kuapa kwamba mwizi alipitia hapo, lakini kundi lina watu zaidi ya mia mbili, wengine hata hatujui waliingizwa na nani, na picha ikishatumwa mara moja haina mlango wa kuifungia. Naomba radhi kwa wanachama wote. Picha nimezifuta upande wangu, na ninamwomba kila aliyezihifadhi azifute leo.

Kuna anayesema, "Namba ya NIDA ina nini? Si namba tu?" Chukua ya kwako uiangalie. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Halafu jiulize namba yako ya siri ya kutolea hela simuni ni ipi. Nilipowauliza watu saba ofisini, watano walicheka bila kujibu, nami nikaelewa. Kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, daftari letu lilikuwa limeitangaza pamoja na namba ya simu inayoendana nayo. Ibadilishe kabla hujamaliza kusoma.

Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Wengi tuliamini utapeli umekwisha. Haukwisha, ulihamia kwenye majina ya watu wengine. Wakala chini ya mwamvuli anakuambia, "Kidole hakijasoma, weka tena," na ukiweka tena, inawezekana umesajili laini ya pili usiyoijua. Laini hiyo ikiibia watu, jina litakalosomeka ni lako. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, uifutishe. Na siku simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku majirani wanao, usidhani ni mnara. Huenda mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi yake mpya na sasa anapokea ujumbe wako wa benki.

Niseme na jambo la kadi za benki, maana hili tunalifumbia macho kwa kuwa wakopeshaji wengine ni jirani zetu. Tunao walimu na wastaafu katika tawi hili waliokabidhi kadi na namba ya siri kwa mkopeshaji. Siku ya mshahara anachukua yeye kwanza, mwenye mshahara anasubiri chenji. Huo si mkopo wa kawaida. Ukimpa mtu kadi na namba ya siri umempa saini yako. Hata namba ya siri asipokuwa nayo, zile tarakimu za mbele, tarehe ya mwisho wa kadi na tarakimu tatu za nyuma zinaweza kumtosha kununua vitu mtandaoni. Benki nayo ukienda kulalamika itakuuliza kwanza nani aliyempa.

Najua viongozi wenzangu mtasema Kata wanataka takwimu, na njia ya haraka ni picha. Kata wanataka idadi na majina, hawahitaji namba ya kitambulisho ya kila bibi ipite kwenye simu mia mbili. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inauhesabu msimamo wa kisiasa wa mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Daftari letu ni orodha ya misimamo ya kisiasa tangu jalada hadi jalada. Chama kinachodai haki za wananchi kwenye majukwaa hakiwezi kuzimwaga taarifa zao kwenye simu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha Jumapili nitapendekeza daftari lirudi kabatini, anayetaka kuhakiki jina lake aje ofisini alione mstari wake tu. Safu ya namba ya NIDA ifutwe kabisa, kwa sababu sijaona kazi yake. Na michango yote ipokelewe kwa namba moja iliyobandikwa ukutani, isiyobadilishwa kwa ujumbe hata ukiandikwa na Mwenyekiti mwenyewe. Nitapingwa, najua. Njooni mnipinge pale pale.

Aliyeibiwa asisubiri Jumapili. Pigia mtandao wako namba 100 mara moja, maana hela ambayo haijatolewa bado inaweza kuzuiwa. Kama ni kadi, pigia benki waifunge. Ule ujumbe wa kitapeli usiufute, utume kwenda 15040. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, si "mambo ya simu" ya kuambiwa urudi kesho. Ukiambiwa hivyo nipigie, nitakuja tukae wote kwenye benchi.

Na yeyote atakayekuomba ile kodi ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako "kimakosa", hata akitumia picha yangu, si mimi. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Vijana wa tawi watakuwa ofisini Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi kuwasaidia wazee kuuwasha.

Mama wa maandazi tumemchangia hadi sasa elfu kumi na nane. Zimebaki elfu kumi na mbili. Mchango unapokelewa ofisini, mkononi.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi