*KUPUNGUZA WAFANYAKAZI SI BARUA, NI MAZUNGUMZO*



Wanachama wetu walioko kwenye karakana za mitambo ya migodini wametueleza kwamba wanaitwa ofisini mmoja mmoja, wanapewa karatasi wasaini na kuambiwa kazi zimepungua. Msimamo wa tawi ni kwamba utaratibu huo haukubaliki.

Hatubishi kwamba mgodi ukipunguza uchimbaji, fundi wa mitambo naye hukosa kazi. Mwaka 2017 mgodi wa Bulyanhulu ulipopunguza shughuli baada ya zuio la kusafirisha makinikia nje, waliguswa waajiriwa wapatao 1,200, mbali na watu wa wakandarasi. Hali ngumu ipo. Lakini hali ngumu haifuti sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ajadiliane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama. Yanajadiliwa mambo matano: sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya nani aondoke, muda, na kiinua mgongo. Wasipoelewana, suala linakwenda kwenye usuluhishi.

*Kwa hiyo:*

1️⃣ Usisaini usichokielewa. Omba nakala, mpelekee kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi.

2️⃣ Ukishaachishwa, una siku 30 tu za kufungua shauri CMA. Usizimalize kwa kusubiri ahadi.

3️⃣ Tunamwomba mbunge wetu alibebe suala la kiinua mgongo. Kiwango cha chini ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Maana yake fundi aliyetumikia miaka 18 anaweza kulipwa siku 70, sawa na wa miaka 10. Miaka 8 ya jasho imekwenda bure. Ukomo huo uondolewe.

Tawi si chama cha wafanyakazi na hatutakaa mezani kwa niaba yao. Ila mwanachama wetu akienda kudai haki yake, hatakwenda peke yake. Mwenye barua amwone katibu wa tawi kabla ya kusaini.

Umoja ni nguvu.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi_