Kobayi si mpira wa watoto: ashikwe kwa adabu, akatwe kucha

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Katika nyumba nyingi za Kabare, Walungu na mitaa ya pembezoni mwa Bukavu, kobayi, ambaye wengine humwita dende, ndiye benki ya mama na mtoto. Ng'ombe ni wa baba, mbuzi ni wa jamaa nzima, lakini kobayi mtoto anaweza kusema "huyu ni wangu". Akiuzwa, analeta daftari, sabuni, mara nyingine sehemu ya pesa ya shule. Wakati wa vita, wenye bunduki walipopita na kuswaga ng'ombe, kobayi aliweza kubaki, kwa sababu anafichika na anabebeka ndani ya kikapu. Basi ni aibu kwamba mnyama aliyebaki na watu siku ya taabu anatendewa kama panya aliyeingia ghalani.

Kila mkaaji anajua inavyokuwa. Mgeni amefika, au mnunuzi anangoja mlangoni. Mtoto anatumwa jikoni na fimbo. Kobayi wanakimbia chini ya kitanda, nyuma ya masufuria, kwenye jivu. Mmoja ananaswa kwa mguu, anainuliwa juu huku analia, anatupwa ndani ya mfuko. Kisha watu wazima wanasema: "Kobayi wa huku ni wakali, wana tabia ya pori." Huo ni uwongo. Kobayi alitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na watu wa huko walimfuga tangu maelfu ya miaka. Woga wa kuwindwa anazaliwa nao, lakini ni mkono wa mwenye nyumba unaoutuliza au kuuzidisha.

Na woga huo unakula pesa. Jike hubeba mimba siku karibu 68, na watoto wake huzaliwa wakubwa, macho wazi, manyoya mwilini. Jike mzito namna hiyo akibanwa tumbo au akiangushwa, anaweza kupoteza mimba au kufa nayo. Kobayi akianguka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama, anavunja mguu au uti wa mgongo. Aliyeshtuka sana anaacha kula, na kwa mnyama huyu kukaa siku nzima bila kula ni hatari kubwa. Mfugaji anahesabu hasara, analaumu uchawi au jirani. Angetazama mikono yake kwanza.

Jambo la pili ni kucha. Kobayi ana kucha 14: nne kwa kila mguu wa mbele, tatu kwa kila mguu wa nyuma. Zinaota kila siku kama za mtu. Kwa aliyefungiwa ndani ya kibanda chenye majani laini, hazisuguliki. Zinapinda, anakanyaga vibaya, kidonda kinatokea chini ya mguu, mkojo na uchafu vinaingia. Hapo mwenyewe anakimbilia duka la dawa, anapasua kapsuli ya amoksisilini na kumnywesha. Dawa za jamii ya penisilini zinaua vijidudu vyema vya tumbo la kobayi, na mara nyingi zinamwua yeye mwenyewe. Kucha ambayo ingekatwa kwa dakika moja imemaliza mnyama.

Wapo watakaocheka: "Ni nyama tu, akatwe kucha kama bibi-arusi?" Wajibu basi: nani anapalilia muhogo, wakati nao ni chakula tu? Wengine watasema hakuna pesa. Pesa gani? Kikata-kucha cha watu kinatosha, na taa ya simu, na unga kidogo wa mahindi.

Kumzoesha kunahitaji uvumilivu tu. Mtoto akae chini, saa ileile kila siku, ampe matembele au majani mabichi kwa mkono, bila kumkamata. Kobayi awe na pembe ya kujificha. Akianza kupiga mluzi akisikia hatua za mtoto, ameanza kumwamini. Ndipo aguswe, kisha ainuliwe kwa mikono miwili: mmoja chini ya kifua, mwingine ukibeba makalio, mwili ukiegemea kifua cha mtu aliyekaa. Anayelia kila akiguswa huenda anaumwa: kama binadamu, kobayi hatengenezi vitamini C mwilini mwake, na akikosa majani mabichi, viungo vinavimba na kuuma.

Kucha zikatwe na watu wawili. Mmoja amfunge kwa kipande cha kikwembe, mguu mmoja utoke nje. Kwenye kucha nyeupe mshipa wa damu unaonekana mwekundu. Kwenye kucha nyeusi taa imulikwe kutoka nyuma. Ikatwe ncha tu, mbele ya mshipa. Damu ikitoka, unga ukandamizwe hapo mpaka ikauke. Akianza kuhangaika, aachwe, miguu mingine ingoje kesho. Zitazamwe kila mwezi.

Lawama haiishii kwa wazazi. Yapo mashirika yanayogawa kobayi vijijini: watu wanapigwa picha, wanaweka sahihi kwenye orodha, gari linaondoka. Hata saa moja ya kuonyesha namna ya kumshika mnyama hakuna. Na elimu ipo hapahapa: watafiti wa chuo kikuu cha UEA mjini Bukavu wamechunguza ufugaji wa kobayi, lakini utafiti ulioandikwa Kifaransa na Kiingereza haumfikii mama wa Walungu asiyesoma lugha hizo.

Kwa hiyo anayegawa mnyama agawe na mafunzo, kwa Kiswahili na kwa Mashi, mbele ya watoto wenyewe, maana ndio wanaolisha. Mwalimu atoe somo moja. Na mzazi anayemtuma mtoto jikoni na fimbo amnyang'anye fimbo hiyo, ampe majani mkononi.